Mapigo na Shehena: Kiswahili na Kasi ya Kumbukumbu ya Tarakilishi

Wataalamu wa Kiswahili wametumia wino mwingi kujadili jina la mashine. Iitwe tarakilishi, ngamizi au kompyuta? Na ile ndogo inayopakatwa, iitwe kipakatalishi au kompyuta mpakato? Mjadala huo umekuwa na faida zake, na baadhi ya maneno hayo yamekwisha kuota mizizi madarasani, hasa nchini Kenya. Hata hivyo, jambo moja limesahauliwa. Ganda la mashine limepata majina matatu, ilhali yanayotendeka ndani ya ganda hilo hayana hata jina moja la kutegemewa. Upungufu huu una gharama, na wanaoilipa ni watumiaji wa kawaida, wakiwamo wanafunzi wa Kiswahili wenyewe.

Na uchukuliwe mfano wa mwanafunzi wa chuo kikuu ambaye kwao ni Mbwajumali, katika kisiwa cha Pate. Ana kipakatalishi kikuukuu chenye kichakataji cha Intel Core i5-8250U, aina iliyotoka mwaka 2017, na kumbukumbu ya gigabaiti 4 yenye alama ya DDR4-2400. Mashine imekuwa nzito. Akifungua tasnifu yake pamoja na kurasa chache za intaneti, inakwama. Anapopitia Mombasa akirudi likizoni ananunua kipande kingine cha kumbukumbu, gigabaiti 8, kilichoandikwa DDR4-3200. Muuzaji amemwambia kwamba hiki kina spidi zaidi. Anapanda basi hadi Mokowe, kisha chombo hadi kisiwani. Nyumbani anakitia kipande katika nafasi iliyokuwa tupu, mashine inawaka, na jumla inasomeka gigabaiti 12. Amefurahi. Halafu anafungua programu ya CPU-Z ili ajionee hiyo spidi aliyoinunua, na mbele ya macho yake panatokea megahezi 1197.

Zile 3200 zimekwenda wapi? Hesabu ya haraka inamwonyesha kwamba karibu theluthi mbili ya alichokilipia haipo. Akitaka kurudisha kipande atalipa nauli ya chombo na ya basi, kwenda na kurudi, kwa bidhaa ambayo huenda bei yake haizidi sana nauli hizo. Asipokirudisha, atabaki na kinyongo, na jina la muuzaji litatajwa kwa ubaya barazani kuanzia Faza hadi Kizingitini. Kumwita mtu mwizi si jambo jepesi katika miji midogo ambamo kila mtu anamjua mwenziwe au anamjua ammake.

Hakuna aliyeibiwa. Kuna sababu mbili zilizopandana, moja ya kuhesabu na nyingine ya kiufundi, na zote zingeelezeka kwa dakika tano kama lugha inayotumika kuzieleza ingekuwa na maneno yanayotofautiana.

Sababu ya kwanza inatokana na jinsi kumbukumbu inavyofanya kazi. Ndani ya tarakilishi upo umeme unaopanda na kushuka bila kukoma, na kazi zote hufuata mpando na mshuko huo. Mpando mmoja na mshuko mmoja, vikijumlishwa pamoja, ndiyo hezi moja ikiwa vimetukia katika sekunde moja. Vikitukia mara milioni moja katika sekunde hiyo, ni megahezi moja. Mkazi wa Mbwajumali hana haja ya kufunzwa maana ya kujaa na kupwa. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi, na kwa miaka mingi vyombo vilivyotoka Lamu kwenda upande wa Pate, Siyu na Faza vilisubiri maji yajae ndipo vipite mlango wa Mkanda, baina ya kisiwa cha Manda na bara. Kumbukumbu za tarakilishi za miaka ya 1990 zilikuwa kama nahodha anayesafirisha mzigo maji yajaapo tu. Umeme ulipopanda, zilipeleka data mara moja, uliposhuka, zilingoja. Kumbukumbu ya megahezi 133 ilipeleka data mara milioni 133 kwa sekunde, na nambari moja ilitosha kueleza mambo yote mawili.

Mwaka 2000 kilichapishwa kiwango kipya, DDR. Herufi hizo tatu zenyewe zinatangaza kwamba mwendo wa data umekuwa maradufu. Kumbukumbu ya aina hii hupeleka data umeme upandapo, na hupeleka tena ushukapo. Bahari ni ile ile, maji hayajai mara nyingi zaidi kuliko jana, lakini nahodha sasa anapakia yakijaa na anapakia yakipwa. Umeme wa megahezi 133 ukawa unapeleka data mara milioni 266. Mfano huu una mipaka yake, na haifai kuunyoosha kupita kiasi: idadi hiyo ni ya upeo, na pasipo ombi la kichakataji umeme hupanda na kushuka bila kubeba kitu.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili upo mfano ulio karibu zaidi. Shairi la tarbia lenye ukwapi na utao, lenye vina vya kati na vya mwisho, lina mishororo minne katika kila ubeti. Likiwa na beti kumi, anayehesabu mishororo atapata 40. Anayehesabu vina atapata 80. Hao wawili hawana la kugombania, mradi kila mmoja ataje anachokihesabu. Mgogoro utazuka pale ambapo wote wawili wataamua kukiita wanachokihesabu "urefu wa shairi". Naam, huo ndio mgogoro wa kumbukumbu za tarakilishi. CPU-Z inahesabu mishororo, na karatasi iliyobandikwa na kiwanda inahesabu vina.

Inafaa kusemwa waziwazi kwamba Kiswahili hakikuanzisha mkorogo huu. Wauzaji walipoona kwamba bidhaa mpya na ya zamani zote zingeandikwa 133, na mnunuzi asione sababu ya kuongeza hata senti, walichukua idadi ya mapelekeo ya data, 266, wakaiandika kwa kipimo cha megahezi, ambacho ni kipimo cha mpando na mshuko. Wengine wakaandika jumla ya baiti kwa sekunde na kuziita PC2100, nambari ya tatu juu ya bidhaa ile ile. Ikawa desturi. Kwa miaka mingi Windows nayo ilionyesha idadi ya mapelekeo na kuiita megahezi, na ni mwaka 2024 tu ambapo Microsoft ilianza kukibadilisha kipimo hicho katika Windows 11. Kiingereza chenyewe, basi, kiliteleza hapa kwa zaidi ya miongo miwili. Lugha inayokuja nyuma haina sababu ya kuurithi mtelezo wa iliyotangulia.

Sababu ya pili ya kupungua kwa nambari ni nyepesi zaidi. Kichakataji cha i5-8250U hakiwezi kuongoza kumbukumbu ya DDR4 kwa kasi inayopita 2400. Hata ukikipa kipande cha 3200, kitakiendesha kwa 2400. Hata kama kichakataji kingeruhusu zaidi, kile kipande cha zamani cha 2400 kingemvuta mwenziwe, kwa sababu vipande viwili katika mashine moja huenda kwa mwendo wa kilicho polepole, kama msafara wa punda. Mashine inapowaka husoma habari zilizohifadhiwa katika kila kipande, hulinganisha, kisha huchagua mwendo ambao wote wataumudu. Kwa hiyo 3200 ikawa 2400, na 2400 ilipohesabiwa kwa mpando na mshuko ikawa 1200. Zile tatu zinazopungua katika 1197 ni mtetemo mdogo tu wa umeme, wala zisimkoseshe mtu usingizi.

Mwanafunzi huyo amepata faida, tena kubwa, ingawa imetoka pahala asipopatazamia. Nafasi mbili za kumbukumbu zinapojazwa, kichakataji huweza kuzitumia kwa pamoja, kama gati mbili badala ya moja. Kipande kimoja cha 2400 hupitisha hadi baiti bilioni 19.2 kwa sekunde. Vipande viwili kwa pamoja, bilioni 38.4. Kwa kuwa vyake havilingani, gigabaiti 8 za kwanza, nne kutoka kila kipande, zitafurahia gati mbili, na zilizobaki zitabaki na moja. Angalinunua kipande cha 2400 angalipata matokeo yale yale, pengine kwa bei ya chini. Hilo ndilo swali aliloshindwa kumwuliza muuzaji, na alishindwa kwa sababu neno "spidi" halikumpa nafasi ya kuliuliza.

Neno hilo linastahili kuchunguzwa. Fundi wa Mombasa au wa Lamu akisema "spidi ya RAM" huweza kukusudia mpando na mshuko, au idadi ya mapelekeo, au jumla ya baiti, au hata muda wa kungoja. Mazoea humwokoa fundi. Mnunuzi hana mazoea hayo. Wasomi nao, wanapojaribu kutafsiri, hukimbilia "kasi ya saa". Tafsiri hii ni mbovu, na ubovu wake unatokana na neno lenyewe kuwa na kazi nyingi. "Saa" ni chombo cha ukutani, ni sehemu moja ya 24 za siku, na pia ni wakati wenyewe. Kila Mswahili aliyewahi kupanda gari anajua maana ya kilomita 80 kwa saa. Akisoma kwamba kumbukumbu ina "kasi ya saa ya 1600", ataelewa, na ana haki ya kuelewa, kwamba kuna kitu kinatendeka mara 1600 katika saa moja. Amekosea kwa zaidi ya mara bilioni tatu, na kosa si lake.

"Masafa" nalo limependekezwa, kwa kuwa linatumika katika mambo ya redio. Lakini masafa kwanza ni umbali. Kuna wakimbiaji wa masafa marefu, na kuna mawimbi ya masafa mafupi ambayo, kwa kinyume cha mambo, ndiyo yenye kupanda na kushuka kwa wingi zaidi. Neno linalomlazimisha mwanafunzi kukumbuka kwamba fupi ni nyingi halimsaidii anayeanza.

Neno linalofaa lipo, tena halihitaji kubuniwa. Ni "pigo". Daktari husema mapigo ya moyo ni 72 kwa dakika, na hakuna mgonjwa anayeuliza 72 za nini. Mpiga ngoma anajua pigo, na mfundishaji wa gwaride analijua. Pigo lina mpando na mshuko ndani yake: mkono huinuka, mkono hushuka. Kwa upande wa data inayopelekwa, pwani ina neno "shehena", mzigo unaopakiwa chomboni kwa safari moja. Basi DDR4-3200 itakuwa kumbukumbu ya mapigo milioni 1600 na shehena milioni 3200 kwa sekunde. Kila shehena ina baiti 8, kwa hiyo jumla ni baiti milioni 25,600, na mwanafunzi ataona mara moja kwa nini kipande hicho hicho huandikwa pia PC4-25600. Nambari tatu zilizokuwa zikigombana zimekaa kila moja mahali pake, kwa maneno ambayo bibi wa Mbwajumali anayajua.

Neno la tatu ni "subira". Kila kipande cha kumbukumbu huandikwa pia nambari ya CL, nayo ni idadi ya mapigo yanayopita tangu data iombwe hadi shehena ya kwanza itoke. Hapa ndipo wanunuzi wengi, na wauzaji pia, hupotoka vibaya zaidi. Wanaona CL3 katika kumbukumbu ya kale na CL22 katika ya kisasa, wanadhani ya kisasa inangoja mara saba zaidi. Subira huhesabiwa kwa mapigo, na mapigo yenyewe yamekuwa mafupi. DDR-400 ya CL3 ina mapigo milioni 200 kwa sekunde. Mapigo matatu huchukua nanosekunde 15. DDR3-1600 ya CL11 hungoja nanosekunde 13.75. DDR4-3200 ya CL22 hungoja nanosekunde 13.75 vilevile. Yaani, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, shehena zimeongezeka mara nane, ilhali subira imepungua kwa nanosekunde moja na robo. Vyombo vinasomba mzigo mwingi ajabu, lakini kungoja gatini kumebaki karibu kule kule. Ukweli huu ni wa msingi katika sayansi ya tarakilishi, na unaeleza kwa nini wahandisi wamehangaika kuweka akiba ndogondogo za kumbukumbu ndani ya kichakataji chenyewe. Neno "spidi" linauficha kabisa.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba uundaji wa istilahi ni kazi ya vyombo rasmi, BAKITA kwa upande wa Tanzania na taasisi za vyuo vikuu, na kwamba wanafunzi wanapobuni maneno kila mtu kivyake huzidisha vurugu. Hoja hii ina uzito. Tarakilishi na ngamizi zenyewe ni ushahidi wa vurugu hiyo. Lakini pigo, shehena na subira si maneno mapya; ni maneno ya kamusini yanayopewa kazi ya ziada, na jarida la wanafunzi ni mahali pazuri pa kuyajaribu kabla ya kuyapeleka kwa wenye mamlaka. Pingamizi la pili ni zito kuliko hilo: shehena huashiria mzigo mkubwa, ilhali baiti 8 ni kitu kidogo mno, hazitoshi hata kuandika jina la Mbwajumali, lenye herufi kumi. Kweli. Atakayepata neno bora na alilete. Jambo lisilokubalika ni kuendelea kutumia neno moja kwa vitu vinne.

Kuna pia wanaodai kwamba kazi hii ilikwisha kufanywa. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na Microsoft ikafuata kwa kiolesura cha Kiswahili cha Windows. Juhudi hizo zinastahili heshima. Hata hivyo zilishughulikia zaidi maneno yanayoonekana kwenye kioo: faili, hariri, hifadhi, chapisha. Zilimwezesha Mswahili kubonyeza. Kumwezesha kujua kinachotendeka baada ya kubonyeza ni kazi nyingine, nayo bado iko changa. Hata neno "kumbukumbu" lenyewe halijatulia. Katika Kiswahili cha kawaida kumbukumbu ni cha kudumu: kumbukumbu za mkutano, kumbukumbu za taifa. Kumbukumbu inayozungumziwa hapa husahau yote umeme ukikatika, na hata umeme ukiwapo hulazimika kukumbushwa upya yaliyomo katika kila milisekunde 64. Pale kisiwani, ambako Siyu ilisifika kwa wanakili wa misahafu katika karne za 18 na 19, kuita kitu kama hicho kumbukumbu ni ukarimu mkubwa. Mtu akisema ameongeza kumbukumbu ya tarakilishi, msikilizaji hajui kama ameongeza mahali pa kuhifadhi picha zake au mahali pa kufanyia kazi.

Idara za Kiswahili hufundisha kozi za istilahi na tafsiri, na mara nyingi mazoezi hutolewa katika sheria, siasa na dini. Hakuna kinachozuia zoezi moja la muhula kuwa karatasi iliyobandikwa juu ya kipande cha kumbukumbu: wanafunzi waichukue jinsi ilivyo, 8GB, PC4-3200AA, CL22, na waieleze kwa Kiswahili kwa mnunuzi ambaye hajasomea fizikia. Mhadhiri wa fizikia aalikwe asikilize. Fundi pia aalikwe, na pengine atakuwa mkali kuliko mhadhiri.

Na muda wa kulumbana si mrefu. Kiwango cha DDR5 kilichapishwa Julai 2020, na vipakatalishi vyake vimekwisha kuingia madukani. Kipande kimoja cha DDR5-4800 kina mapigo milioni 2400, na ndani yake njia ya data imegawanywa mara mbili: badala ya njia moja ya biti 64, ziko mbili za biti 32, kila moja ikipokea maombi yake. Shehena ya njia moja, basi, ni baiti 4 badala ya 8, na programu zinazohesabu njia zitamwambia mwenye vipande viwili kwamba anazo nne.